Alama Nne za Muktadha

Muhula uliopita niliitwa shuleni kama mzazi. Mimi si mzazi wa mtu. Nina miaka 25, niliacha chuo kikuu nikiwa mwaka wa pili, na riziki yangu naitafuta kwa kuandika makala ambazo mara nyingi hubeba jina la mtu mwingine. Lakini mamangu hakupata ruhusa kazini, na barua ilisema wazi kwamba kijana hatarudi darasani bila mtu mzima. Basi nikavaa sketi ndefu, nikapanda matatu saa kumi na moja alfajiri, na kufikia saa tatu nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, kando ya mdogo wangu wa Kidato cha Tatu, ambaye hakuniangalia hata mara moja.

Ndani, Depu (sijui kama kuna shule ya Kenya ambako wanafunzi humwita vingine) alikuwa mpole kuliko nilivyotarajia. Alinikaribisha kiti, akaniuliza safari ilikuwaje, akafungua faili ya kijana na kuigeuza nisome mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa kwa kile Kiingereza cha ofisi, lakini nikikiweka kwa Kiswahili kilisema hivi: mkaidi, mwenye kiburi, hana heshima kwa walimu. Kisha ushahidi, na huo mwandishi aliuacha kwa Kiswahili, kama ulivyotamkwa: alimwambia mwalimu wa zamu, mbele ya wanafunzi wengine, "Wewe si babangu." Pendekezo: wiki 2 nyumbani.

Nikasoma mara ya pili. Kilichonishika hapo kwanza hakikuwa kosa lenyewe. Ni yale maandishi. Nilijiuliza: haya nimeyaona wapi?

Nilikumbuka nikiwa njiani kurudi. Nimeyaona kwenye mwongozo.

Nilifanya KCSE mwaka wa 2019. Sisi tulitahiniwa riwaya ya *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei, tamthilia ya *Kigogo* ya Pauline Kea, na mkusanyiko wa hadithi fupi, *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Kila aliyepita hapo anajua kwamba vitabu hivyo tulivisoma mara moja, lakini miongozo yake tuliisoma mpaka ikachanika. Na mwongozo una namna yake ya kumtazama binadamu. Unachukua mhusika, unampanga chini ya kichwa kinachoitwa sifa, halafu unamkata vipande: mwenye busara, kwa sababu alifanya hivi, mwenye tamaa, kwa sababu alifanya vile, mkaidi, kwa sababu alisema hili. Sifa na ushahidi, sifa na ushahidi, mpaka alama zitimie.

Ile faili ya Depu ilikuwa mwongozo wa mdogo wangu.

Lakini mtihani ule ule una swali jingine, na hili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika haya. Unapewa maneno machache yaliyotolewa kitabuni, halafu unaambiwa: eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4. Hapo sifa hazikusaidii. Unatakiwa useme msemaji ni nani, anamwambia nani, wako wapi, na ni nini kilichomfanya aseme. Alama 1 kwa kila kimoja. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akitupigia kelele juu ya ile ya nne: "Sababu! Mnaacha sababu! Mtu hasemi kitu hewani!" Mpaka leo nikisikia mtu amesema neno kali, sauti ya yule mwalimu inanijia.

Hoja yangu ni hiyo tu. Shule zetu zinajua kuuliza muktadha, tena zinaufundisha, na zinautolea alama. Ila mtoto mwenyewe anapokosea, zinarudi kwenye sifa. Na yale tunayoyaita siku hizi nidhamu chanya, ushauri nasaha, malezi shuleni, yote yaliyoandikwa kwenye sera na kubandikwa ukutani, kwangu mimi ni hizi alama 4 zikipewa binadamu aliye hai badala ya mhusika wa kitabuni.

Hebu turudi kwa *Chozi la Heri*, maana sidhani tuliisoma vizuri. Wengi tunaikumbuka kama riwaya ya vita vya baada ya uchaguzi, ukabila na ukimbizi. Ni kweli, lakini ndani yake kuna shule inayoitwa Tangamano, na kuna Umu. Umu anafika pale akiwa amebeba mzigo ambao ungemvunja mtu mzima. Mama aliondoka, baba akafa, na ndugu zake wawili, Dick na Mwaliko, wakaibwa na kijakazi wa nyumbani. Ameijua barabara na makao ya watoto kabla ya kupata wazazi wapya, Mwangeka na Apondi. Hebu mweke mtoto huyo kwenye darasa la kawaida la Kenya. Anaangalia dirishani. Hajibu akiulizwa. Faili ingesemaje? Hayuko makini. Mzembe. Ana dharau.

Matei hafanyi hivyo. Anawakalisha wasichana pamoja na kuwaacha waongee, mmoja baada ya mwingine. Kairu anasimulia jinsi vita vilivyoigeuza familia yake kuwa wakimbizi. Mwanaheri anasimulia juu ya mama aliyeondoka nyumbani kwa sababu ya kubaguliwa kikabila. Zohali alipata mimba akiwa Kidato cha Pili, na maisha aliyoyajua yakaishia hapo. Chandachema alilelewa na nyanya yake, kwani alizaliwa baada ya baba yake, mwalimu, kumpachika mimba mwanafunzi wake. Fikiria hilo kidogo. Katika riwaya ambayo shule nzima za nchi zimeisoma, kuna mtoto aliyezaliwa kutokana na mwalimu kuvunja amana, naye yuko darasani, amevaa sare, anasubiri kufundishwa na walimu.

Kinachotokea kati ya wasichana hao si ajabu yoyote. Hakuna anayetatua shida ya mwenzake. Baba wa Umu hafufuki. Lakini kila mmoja akimaliza, msomaji hawezi tena kumwita kwa sifa moja. Ukishajua Zohali ametoka wapi, neno "mpotovu" linakufia mdomoni. Hiyo ndiyo kazi ya muktadha. Haufuti alichofanya mtu, ila unafanya usiweze kumfupisha.

Riwaya hii si kamilifu, na ningekuwa mwongo nikiisifu tu. Wasichana wale wanaongea kama wametayarishiwa hotuba. Hakuna anayekwama au kubadilisha mada, na hakuna anayesema "wacha tu, ni sawa," ilhali mtoto aliyeumia ndivyo anavyoongea. Wema nao unafika kwa bahati mno: mhisani huyu, kituo kile, mtu aliyewahi kusaidiwa anayetokea wakati unaofaa. Msomaji anaweza kufunga kitabu akidhani kwamba malezi ni jambo la watu wenye moyo mzuri kukutana kwa bahati. Lakini lawama yangu kubwa ni hii: katika simulizi zile, wanaosikiliza ni watoto wenzao. Ningependa kumwona mwalimu ameketi kwenye kiti, hana daftari mkononi, hana kengele inayomwita, anasikiliza Chandachema mpaka mwisho. Matei alikuwa na nafasi ya kutuonyesha mtu mzima akifanya kazi hiyo, na sehemu kubwa akawaachia watoto.

Halafu nikiwaza tena, naona huenda aliandika tu alichokiona. Maana mabwenini kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Tulijua nani baba yake amefungwa, nani halali usiku, nani anakata mikono yake kwa wembe na kuvaa sweta jua likiwaka. Walimu hawakujua. Ushauri nasaha ulikuwa chumba kimoja, kimepakana na ofisi ya Depu, na mwalimu aliyepewa kazi hiyo alikuwa na vipindi vyake kamili vya Hisabati. Kuingia mle ilikuwa sawa na kutangaziwa kwenye gwaride. Basi tukabebeana, watoto wa miaka 15 na 16, mizigo ambayo hatukuwa na mabega yake. Tangamano iko kila mahali. Iko baada ya prepu, taa zikizimwa, na hakuna mtu mzima anayeijua.

Sasa, kuna jibu ambalo nimelisikia tangu niko darasa la nne, na ni lazima nilikabili. Linasema: shida ilianza kiboko kilipoondolewa. Watu wazima wenye akili zao hulisema. Hata aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, mwaka wa 2021 alitamka kwamba angependa kiboko kirudi, baada ya visa vya wanafunzi kuwashambulia walimu. Simdharau mwenye hoja hiyo. Mwalimu aliyeshambuliwa na mwanafunzi ana haki ya kuogopa, na darasa la watoto 60 si mchezo.

Lakini hebu tupange miaka. Adhabu ya viboko iliondolewa kwenye kanuni za shule mwaka wa 2001. Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, bweni la Kyanguli kule Machakos lilichomwa na wavulana 67 wakafa. Ni rahisi kuyaweka mambo hayo mawili kando kwa kando na kusema hili lilizaa lile. Ila Bombolulu kule Kwale, ambako wasichana zaidi ya 20 walifia bwenini, ilikuwa 1998. Nyeri, ambako viranja 4 walifungiwa chumbani na kuchomwa na wenzao, ilikuwa 1999. Miaka hiyo kiboko kilikuwa halali, kimeandikwa kwenye kanuni kabisa. Na mwaka wa 2016, shule zaidi ya 100 zilipochomwa, kilikuwa kimepigwa marufuku miaka 15. Mimi sisemi kiboko ndicho kilichowasha moto. Nasema moto ulikuwepo kikiwepo, ukawepo kilipoondoka, kwa hiyo jibu tulitafute kwingine.

Tena kusema kiboko "kiliondoka" ni kusema kwa mdomo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kimwili pamoja na mateso ya kiakili, na anayevunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Katiba nayo, kifungu cha 53, inamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa kila aina. Nilianza shule ya upili miaka 3 baada ya sheria hiyo. Nilichapwa kwa fimbo, kwa mpira wa maji, na mara moja kwa mguu wa kiti. Na sikuwahi kusikia mtu yeyote, mzazi wala mwanafunzi, akitaja kifungu cha 36.

Nadhani sababu moja iko kwenye lugha yenyewe. Kiswahili kina adabu na kina adhabu, maneno mawili yenye asili tofauti, maana tofauti. Adabu ni tabia njema. Adhabu ni mateso. Lakini sikiliza tunavyosema. Ukimwambia mtoto "nitakutia adabu," hujamwahidi kwamba utamfundisha kusalimia wazee. Anajua, na wewe unajua, kwamba anakaribia kuchapwa. Mahali fulani mdomoni mwetu, lile neno zuri lilikubali kubeba kazi ya lile baya. Halafu tuna methali. Mchelea mwana kulia hulia yeye: nimeisikia ikisemwa na mtu akikunja mkono wa shati. Isome polepole. Haisemi mlize mwana. Inamsema mzazi anayekichelea kilio, yaani anayekiogopa. Mtoto hulia akichapwa, ni kweli. Lakini pia hulia akiambiwa hapana na ile hapana ikabaki hapana. Hulia akiketishwa mbele ya mtu aliyemkosea na kuambiwa amtazame. Hulia hatimaye akiulizwa kuna nini nyumbani. Mimi naona mtu aliyechelea kilio ni yule aliyechagua kumpeleka mtoto nyumbani wiki 2 ili asiwe mbele yake akilia.

Kuna upande wa pili, na hapa wapenzi wa nidhamu chanya wenyewe hawatanipenda. Wapo wanaodhani kinyume cha kiboko ni maneno matamu. Kiboko kilipoanza kuona haya mbele ya wageni, maneno matamu yalipanda jukwaani. Nani hajawahi kukalishwa kwenye jua siku nzima, mgeni wa kutia motisha ameshika kipaza sauti, anawaambia watoto 800 kwamba kila mmoja wao ni nyota? "Mwambie jirani yako, utapata A!" Tukageukiana, tukaambiana. Wengi wetu hatukupata A, na mgeni hakurudi kutuuliza ilikuwaje.

Hadithi inayojibu jambo hili ipo kwenye *Tumbo Lisiloshiba*. Inaitwa "Mwalimu Mstaafu," na imeandikwa na Dumu Kayanda. Mwalimu Mosi anastaafu. Wanafunzi wake wa zamani, wale waliofaulu, wamejaa kumsifu. Halafu anapewa nafasi ya kusema Jairo, mtu maskini, ambaye shuleni alikuwa akishika mkia. Naye badala ya kushukuru analaumu. Yule mwalimu mwema alimtia moyo siku zote, akampa matumaini, na matumaini yale kumbe hayakuwa na kitu chini yake. Kisha, kwa vile hana zawadi ya kutoa, Jairo anasema anamtolea mwalimu mke wake na mabinti zake.

Darasani tulicheka. Mwongozo ulitupa sifa za Jairo tukaziandika: mlevi, mwenye lawama, asiye na shukrani. Nilizikariri. Niliposoma upya, nikiwa nje ya chuo, nikiwa mimi mwenyewe nimepita kwenye midomo ya walioniita nyota, sikucheka. Zawadi yake ni ya kinyama, na inawageuza wanawake wa nyumba yake kuwa mali ya kumwadhibia mwalimu. Hilo Kayanda hatufichi. Lakini lawama ile ina mfupa ndani yake. Jairo anasema, kwa njia yake iliyopinda, kwamba sifa alizopewa hazikumhusu yeye. Zilikuwa maneno ambayo mwalimu mwema humwambia mtoto yeyote. Hakuna aliyekaa naye kujua anaweza nini na hawezi nini, kisha akamwambia ukweli na kumwonyesha njia nyingine.

Kwa hiyo "mkaidi" na "nyota" si vitu viwili tofauti sana. Zote ni sifa. Moja inakuja na kiboko, nyingine na kipaza sauti, na zote zinaweza kutolewa na mtu ambaye hajakuuliza swali hata moja. Kwenye mkusanyiko huo huo, katika "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro, Samueli anaanguka mtihani na kwenda kujitupa bwawani. Anaokolewa. Hakuanguka kwa kukosa kuambiwa ajitahidi. Alikuwa amejazwa matarajio ya watu wote, na hakuwa na mahali hata pamoja pa kusema sitaweza.

Je, kuuliza muktadha ni kumwachilia mtoto? Hili ndilo swali ambalo Depu angeniuliza, na ni swali la haki. Nitalijibu kwa kisa kimoja.

Nikiwa Kidato cha Pili nilikamatwa nikitoka nje kupitia ua. Ulikuwa ua wa kayaba wenye waya, na nilikuwa nimeukata. Mwalimu wa zamu siku hiyo alikuwa wa Jiografia, mwanamke mfupi, si mtu wa kucheka cheka. Alinipeleka kwenye ngazi za maabara, akaketi, akaniambia niketi. "Ulikuwa unaenda wapi?" Nikanyamaza. Alingoja. Sijui alingoja dakika ngapi, lakini nakumbuka kengele ililia na hakuinuka. Mwishowe nikamwambia: dukani, kupiga simu. Mamangu alikuwa amelazwa na nilikuwa sijasikia chochote siku 9.

Hakunikumbatia. Alitoa simu yake, akanipa, akaangalia upande mwingine nikiongea. Kisha akaniambia kwamba ua niliouharibu ni wa shule, na kwamba mtoto mwingine angeweza kupitia pale usiku akakutana na mabaya. Jumamosi 2 zilizofuata nilikuwa na mfanyakazi wa shule, nikikaza waya na kupanda miche ya kayaba, mikono imechanika miiba. Na kila Jumapili, mpaka mamangu akatoka hospitalini, nilipewa dakika 5 za simu. Hakuna aliyeambiwa kwa nini. Wenzangu walidhani nimeadhibiwa tu, na kweli nilikuwa nimeadhibiwa. Sikuukata ua tena. Niliusaidia hata kumwagiliwa.

Msemaji, msemewa, mahali, sababu. Zote 4 alizipata kwa kuketi. Na baada ya kuzipata, bado nilitengeneza nilichoharibu. Ndiyo maana siamini kwamba malezi ni ulegevu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchapwa. Kuchapwa ningekuwa nimesahau kufikia chakula cha jioni.

Ila sitaki kumgeuza yule mwalimu kuwa mhisani wa *Chozi la Heri*, anayetokea kwa bahati. Alifanya vile kwa kuiba muda wake mwenyewe. Kama tunataka jambo hilo liwe la shule na si la mwalimu mmoja, basi mahitaji yake yanajulikana na hayana ushairi wowote. Mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi. Chumba chake kisipakane na ofisi ya nidhamu. Anachoambiwa kisigeuke habari ya chumba cha walimu wakati wa chai, isipokuwa pale maisha ya mtoto yako hatarini, na hilo mtoto aambiwe mapema. Viranja wasipewe kazi ya kuadhibu. Na kabla barua ya kumtuma mtoto nyumbani haijatiwa sahihi, kuwe na mistari 4 ya kujazwa kwenye fomu. Mnaijua mistari hiyo. Mmeisahihisha miaka yote.

Sasa turudi ofisini.

Nilipokuwa nimeishika ile faili, nilifanya kitu kidogo tu. Nikageuza kurasa. Ukurasa wa pili nyuma ya ile yenye sifa kulikuwa na karatasi nyingine, yenye muhuri wa shule ile ile na sahihi ya ofisi ile ile. Ruhusa ya siku 3, ya kwenda nyumbani kwa mazishi ya baba. Ilikuwa na miezi 7.

Niliiweka mezani kando ya ile nyingine. "Wewe si babangu." Na ruhusa ya mazishi. Sikusema kitu, si kwa sababu nina busara. Koo lilikuwa limeziba.

Depu alizisoma. Yule si mtu mbaya. Alivua miwani, akasugua macho, akasema ana wanafunzi zaidi ya 1,000 na kwamba hakukumbuka. Nikamwamini. Kisha akamwita kijana ndani, na nikadhani sasa tutaona. Alimwambia ajikaze, kila mtu hufiwa, na kwamba akisoma kwa bidii babake huko aliko atajivunia. Wiki 2 zikawa wiki 1. Ndivyo ilivyoisha. Aliziona karatasi zote mbili, akatoa punguzo, lakini swali hakuuliza.

Kwenye matatu tulikaa kiti cha nyuma. Nilinunua njugu, hakula. Nilikuwa na hotuba tayari, mimi mwandishi, mimi dada mkubwa niliyeacha chuo ambaye sitaki aache. Ningemwambia ana akili. Ningemwambia ajikaze. Nikamkumbuka Jairo, nikaimeza.

Nikamuuliza tu, "Mwalimu alikuwa amekwambia nini kabla hujamjibu?"

Tulipita vituo viwili, kondakta akapokea nauli, mama mmoja akashuka na kuku wake. Nikangoja. Halafu akaanza kuongea, akiangalia dirishani, na aliendelea mpaka tukafika stendi, na hata tulipofika tulibaki tumesimama kando ya kibanda cha mpesa, hajamaliza.

Aliyoniambia sitayaandika hapa. Makala haya nilimsomea kabla ya kuyatuma, akaniruhusu mpaka hapa, na hapa ndipo ninapoishia. Jumatatu iliyofuata wiki yake 1, nilirudi naye shuleni bila kuitwa. Nilikuwa nimeandika karatasi moja, mistari 4, naye ameisoma na kukubali. Nilimwomba Depu aitie kwenye faili, juu ya ile ya sifa.

Aliitoboa matundu, akaiweka.